Wawili, Baiskeli Mbili na Ziwa Kivu

Tuwe wakweli jamani. Waulize marafiki zako wanakwenda wapi na wenzi wao wakipata siku nne za mapumziko. Wengi watakutajia Zanzibar, wachache Bagamoyo au Arusha, na hakosi mmoja atakayesema yeye atalala tu. Sina ugomvi na Zanzibar, nimekula fungate yangu huko. Ila safari iliyonifanya nimjue mume wangu upya, baada ya miaka mitano ya ndoa, haikuwa na kitanda cha ufukweni wala dafu lenye mrija. Ilikuwa na vilima, jasho, na makalio yanayouma kiasi cha kula chakula cha usiku umesimama.

Nazungumzia Ziwa Kivu. Si kubwa ukililinganisha na Victoria au Tanganyika. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 2,700 tu. Lakini liko juu, mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, limelala ndani ya Bonde la Ufa, na milima imelizunguka pande zote kama watu waliolizunguka sinia la pilau. Mashariki ni milima ya Rwanda, magharibi ya Kongo, na kaskazini zimesimama volkano za Virunga. Kina chake kinakaribia mita 480. Kandokando ya maji hayo, upande wa Rwanda, imepita barabara ya lami kutoka Rubavu hadi Rusizi, takriban kilomita 200, inayojulikana kama Kivu Belt. Ukiona picha zake unaweza kudhani mtu kamwaga uzi mweusi mlimani halafu akasahau kuunyoosha.

Kwa nini sisi? Mume wangu alipata kazi Kigali Januari 2023, mkataba wa miaka miwili. Mimi nikabaki Dar na kazi yangu na mtoto wetu. Tukawa ndoa ya simu na tiketi za ndege. Wenye ndoa za namna hiyo mnazijua: mnaonana kila baada ya wiki saba, siku ya kwanza mna aibu kama wachumba, siku ya pili mnapendana, siku ya tatu mnagombania mtoto alale saa ngapi, siku ya nne mtu yuko uwanja wa ndege. Ilipofika Juni 2024 mkataba ulikuwa umebakiza miezi sita, na binti yetu alitakiwa kuanza darasa la kwanza Januari 2025. Dar au Kigali? Swali hilo lilikaa katikati yetu kama mgeni asiyeaga. Kila mmoja analiona, hakuna anayeligusa.

Basi akanipigia simu. "Mwache mtoto kwa bibi yake, uje na baiskeli yako. Tuteremke Kivu."

Nikaja nayo, imefungwa kwenye boksi.

Msizunguke, teremkeni

Kitu cha kwanza: msichukue ramani mkasema mtalizunguka ziwa lote. Haiwezekani kwa mtu anayetafuta mapumziko. Upande wa pili ni Kongo, na hata wakati tunapita, eneo la mashariki mwa Kongo halikuwa na amani. Tangu hapo mambo yakawa mabaya zaidi. Mji wa Goma, unaopakana na Rubavu mtaa kwa mtaa, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na Bukavu, jirani wa Rusizi, ukafuata Februari. Makombora yaliangukia hata Rubavu siku zile Goma inapiganiwa. Kwa hiyo kabla ya kufunga mizigo, piga simu kwa mtu aliyeko huko, uliza hali ikoje. Ukiona roho yako inasita, acha ncha zote mbili, endesha kipande cha katikati, kutoka Karongi hadi Nyamasheke. Nitakuambia baadaye kwa nini hicho hasa ndicho cha kwenda.

Kitu cha pili ni mwelekeo, na hapa msikilize mtu aliyekaa barabarani. Anzeni kaskazini mwende kusini. Rwanda wanaendesha kulia, si kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda. Ukielekea kusini, ziwa liko mkono wako wa kulia, na wewe uko upande huohuo wa barabara. Yaani kati yako na maji hakuna lori linalokuja, kuna bega la barabara na migomba tu. Ukija kutoka kusini unaishia kulitazama ziwa kwa kuvukisha macho juu ya magari. Barabara ni hiyohiyo, raha si hiyohiyo.

Hilo la kuendesha kulia si la kuchukulia kirahisi. Ukiwa unakwenda moja kwa moja huna shida. Hatari iko asubuhi, mnapotoka getini mmeshiba, mnacheka, mwili unataka kwenda kushoto kwenyewe. Mume wangu alinifundisha njia yake: kila tunapoanza, anayetangulia anapaza sauti "kulia!" na wa nyuma anaitikia. Walinzi wa nyumba za wageni walituona vichaa.

Na msimu? Juni hadi katikati ya Septemba ndio kiangazi kirefu. Kuna kingine kifupi kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Februari. Machi hadi Mei kaeni nyumbani, na sisemi hivyo kwa sababu ya kulowana. Milima hii ikinywa maji ikashiba, inashuka. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wengi wao katika wilaya hizihizi za magharibi. Mwaka mmoja baadaye sisi bado tuliona makovu mekundu kwenye vilima vya Rutsiro, mahali palipokuwa na shamba au nyumba.

Rubavu, mji wenye mlima unaowaka

Rubavu (wengi bado wanauita Gisenyi) tulifika na basi kutoka Kigali, baiskeli zikiwa kwenye buti. Ni mji wa ufukweni wenye miti mikubwa, majumba ya zamani, na mchanga unaokufanya usahau kwamba bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja. Jioni ya kwanza msijichoshe. Chukueni barabara ya kando ya maji kuelekea Nyamyumba, ambako kuna chemchemi za maji ya moto. Ni mwendo wa kupasha misuli, na mtapishana na nusu ya mji: wanafunzi, akina mama na beseni za samaki, na vijana wa baiskeli za kubeba abiria.

Kaskazini anasimama Nyiragongo, mita 3,470, ndani ya Kongo. Ni volkano hai. Ililipuka 2002 ikapita katikati ya Goma, ikalipuka tena Mei 22, 2021. Usiku mawingu yalipofunguka tuliona juu yake wekundu hafifu, kama jiko la mkaa lililofunikwa sufuria. Mume wangu alitaka kupiga picha. Nikamwambia weka simu chini, tuangalie.

Chakula hapa ni sambaza, vidagaa vya Kivu, vinakaangwa vikavu, ndimu juu, na matone ya Akabanga. Akabanga ni mafuta ya pilipili. Matone mawili yanatosha, ya tatu ni ushujaa usio na faida. Watu wa Kigoma watafurahi kujua kwamba hawa ni ndugu zao. Kivu haikuwa na samaki huyu. Alichukuliwa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 akapandikizwa huku. Na mambo hayo hulipwa, kwani maji ya Kivu nayo hutoka kusini kwa Mto Rusizi yakaenda kumwagika Tanganyika.

Lugha isikutie hofu. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na Rubavu kwenyewe kimekuwepo siku zote kwa sababu ya biashara na Goma. Ila ni Kiswahili cha huko. "Munatoka wapi?" akatuuliza mama wa sambaza. Dar es Salaam, nikamwambia. "Na hizi baiskeli?" Akacheka hadi akakaa chini. Ukishaingia vijijini ni Kinyarwanda, na maneno matatu yanatosha: mwaramutse kwa salamu ya asubuhi, murakoze kwa shukrani, na hilo la tatu mtaambiwa ninyi, komera. Maana yake jikaze, uwe na nguvu. Bibi mwenye jembe anakuona unahema kilimani, anasimama, anakuambia "komera!" kwa sauti ya mtu anayemaanisha.

Anayesubiri juu ya kilima

Ukitoka Rubavu unapita mashamba ya chai ya Pfunda, kijani kimekatwa sawasawa kama nywele za kijana wa saluni. Halafu barabara inaachana na ziwa na kuanza kupanda kuelekea Rutsiro. Hapo ndipo mnapojuana.

Mume wangu ana mwaka na nusu anapanda vilima vya Kigali. Mimi naendesha Dar kila Jumamosi alfajiri na akina dada wenzangu, na mlima wetu mrefu kuliko yote ni daraja la Kigamboni. Kwa hiyo mpangilio ulijipanga wenyewe: yeye mbele, mimi nyuma, kona mbili nyuma, kona tano nyuma. Akifika juu anasimama, ananywa maji, anajipiga picha, anapumzika dakika kumi. Mimi nafika nimetoa ulimi. Ananitazama kwa upendo kabisa, anasema, "Umefika! Haya twende," anapanda baiskeli, anaondoka.

Umeona hesabu hiyo? Mwenye nguvu anapumzika kila kilima. Asiye na nguvu hapumziki hata kimoja. Na mwenye nguvu anaamini ndiye anayejitolea, maana si amesubiri?

Nimeongea na wanawake kadhaa wanaoendesha na waume zao, na mwanamume mmoja ambaye mke wake ndiye farasi, na wote wamenisimulia kisa hichohicho. Wengine ndio waliacha baiskeli kabisa kwa sababu hiyo, wakasema mchezo huu hauwafai. Mchezo unawafaa. Kinachowakosesha raha ni mpangilio.

Kilima cha nne nilifika, nikashuka, nikaiegemeza baiskeli kwenye mti, nikakaa chini. Akasema twende. Nikasema hapana, mimi sasa ndiyo nimeanza kupumzika, na kuanzia hapa natangulia mimi. Akasema, "Lakini nitakuwa nakwenda taratibu sana, miguu itapoa." Nikamwambia, "Itapoa. Yangu imewaka tangu asubuhi."

Alinuna kama kilomita tatu hivi. Nilimsikia akibadilisha gia nyuma yangu bila sababu, kraka, kraka. Kisha akaanza kupiga mluzi. Kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, tukazungumza tukiwa juu ya baiskeli, kwa sababu sasa tulikuwa mahali pamoja.

Kwa hiyo wapendanao, huu ndio mpangilio. Kwenye kupanda, mwenye pumzi fupi atangulie na aamue mwendo. Kwenye kuteremka, kila mtu kwa roho yake, na aliye mwepesi wa kuteremka atangulie asimsukume mwenzake. Mkisimama, hakuna anayeondoka mpaka wa mwisho kufika awe amekunywa maji na amesema yuko tayari. Hayo tu. Na mnapopanda msipangane wawili ubavuni kwa ubavuni; malori ya saruji na ya viazi yanapita, na kona ni nyingi.

Kuhusu baiskeli yenyewe, kinachoamua safari ni gia za chini. Ya kwangu ni mtumba wa kawaida. Kabla ya kuondoka fundi wangu wa mtaani alinibadilishia meno ya nyuma akaweka makubwa, na nikaona tofauti kama ya kupanda ghorofa kwa lifti. Breki mpya pia, maana miteremko mingine ni ya kilomita nyingi mfululizo. Tyubu mbili kila mmoja, pampu, koti la mvua hata kama ni Juni. Mzigo uwe kwenye keria, usiwe mgongoni. Kigali kuna mahali wanapokodisha baiskeli nzuri za milimani, kama hutaki kusafirisha ya kwako.

Siku hii msiifanye ndefu. Sisi tuliigawa Rubavu hadi Karongi kwa siku mbili, tukalala Rutsiro. Wastani wa kilomita 50 kwa siku. Wapo watakaokucheka, Tour du Rwanda, mashindano yao makubwa ya baiskeli, yamewahi kupita barabara hii yote kutoka Rusizi hadi Rubavu kwa siku moja. Waache wacheke. Wale hulipwa.

Na kwa kuwa nimegusa mashindano: usidhani unaingia nchi ambayo baiskeli ni kichekesho. Hapa inabeba mikungu ya ndizi, madumu ya maziwa, magunia ya viazi, na bibi arusi ikibidi. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Nilikwenda na binti yetu tukasimama kwenye kilima kuangalia. Wanaume waliendesha zaidi ya kilomita 267, akashinda Tadej Pogačar wa Slovenia, na katika wote walioanza wakamaliza 30 tu. Siku hiyo nilijisikia vizuri sana kuhusu Rutsiro.

Karongi, pumziko na kumbukumbu

Mteremko wa kuingia Karongi ni zawadi. Ziwa linarudi ghafla, limejaa rasi na visiwa, na barabara inajikunja katikati yake. Hapa kaeni usiku mmoja zaidi kama mnaweza. Kuna hoteli za bei ya kati juu ya vilima na nyumba za wageni za kanisa ambazo ni safi na bei yake haiumizi. Mchana mnaweza kukodi mtumbwi wa injini mwende kwenye kisiwa kinachoitwa Kofia ya Napoleon, kwa umbo lake, chenye popo wengi ajabu.

Mbali majini utaona kitu kama jukwaa la chuma. Huo ni mtambo wa KivuWatt. Chini kabisa ya ziwa hili imeyeyuka gesi ya methani kwa wingi; wanavuta maji ya kina, wanatoa gesi, wanazalisha umeme wa megawati 26. Usiku unakaa hapo na soda yako, unatazama taa za mji, unajua zinawashwa na ziwa lenyewe. Na taa nyingine ni za wavuvi. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja, nguzo ndefu zimetokeza mbele na nyuma kama ndevu za kambare, wanatoka jioni wakiimba ili wapige kasia pamoja. Sauti inapanda mlimani hadi chumbani.

Nisingependa uondoke Karongi, mji uliojulikana kama Kibuye, bila kusimama kwenye kanisa lililo juu ya rasi. Maelfu ya watu waliokimbilia hapo waliuawa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kuna kumbukumbu kando yake, na nyingine iko Bisesero, milimani, ambako watu walipambana kwa mawe na mikuki kwa wiki nyingi. Tulivua helmeti. Hatukusema kitu hadi tuliporudi barabarani, na siku hiyo haikuwa siku ya picha.

Kipande cha katikati

Sasa Karongi hadi Nyamasheke. Kama una siku moja tu katika maisha yako ya kuendesha baiskeli, iendeshe hapa.

Ufuko umekatwakatwa kama ukingo wa jani la mpapai, na barabara imekubali kufuata kila mkato. Unaona kijiji ng'ambo ya ghuba, karibu kiasi cha kusikia jogoo wake. Unafikiri dakika tano. Barabara inakugeuza, inakuingiza ndani hadi mwisho wa ghuba, inakuvusha kijito, inakupandisha, inakutoa upande wa pili, na baada ya nusu saa au zaidi ndipo unapita mbele ya jogoo yule. Unageuka unaangalia ulikotoka: pale! Kisha ghuba nyingine. Hakuna kilima kirefu cha kuua, lakini hakuna pia tambarare ya kupumzika. Ni kupanda kidogo, kushuka kidogo, kona, maji, kona. Misitu ya mikaratusi, kahawa imeanikwa kwenye meza ndefu, na ng'ambo kabisa kisiwa cha Idjwi na milima ya Kongo iliyofifia kwa ukungu. Watoto walitukimbilia wakiimba "abazungu! abazungu!" Nikawaambia mimi ni Mzaramo. Haikusaidia, kumbe ukishavaa helmeti wewe ni mzungu.

Tulikuwa ghuba ya sita au ya saba, mimi mbele, tunapanda. Nikasikia nyuma yangu, "Wameniambia wataniongezea miaka miwili."

Sikugeuka. Kwenye kupanda huwezi kugeuka. Wala sikuwa na pumzi ya kujibu, achilia mbali ya kugombana, na leo nashukuru. Ningekuwa mezani ningesema maneno matano ya haraka ambayo yote yangekuwa mabaya. Nilikanyaga pedeli. Nilihesabu nguzo za barabarani. Tulipofika juu nikasimama, nikanywa maji hadi nikatosheka, yeye amekaa juu ya ukuta mdogo ananisubiri, hajasema twende.

"Umewajibu nini?"

"Sijajibu."

"Lini wamekuambia?"

"Mwezi wa nne."

Mwezi wa nne! Miezi miwili na nusu ya simu kila usiku, umekula, mtoto kalala, haya usiku mwema. Nilitaka kukasirika na nilikasirika kweli. Nikamwambia umekaa na jambo hili peke yako kwa nini. Akasema, "Nilikuwa nasubiri upate nafasi." Nikamwambia huko ndiko kusubiri kwako kwa juu ya kilima. Unafika peke yako, unapumzika nalo, unalizoea, halafu mimi nikifika natakiwa niondoke na jibu hapohapo.

Alikaa kimya. Mama mmoja alipita na furushi la kuni kichwani, akatuangalia, akasema "komera." Hatukujua anamwambia nani.

Kipande kilichobaki hadi Nyamasheke tuliongea. Nimekuja kugundua kwamba mambo mengine ni rahisi kuyasema mkiwa hamtazamani usoni, mnaangalia barabara moja. Aliniambia kazi ya Kigali anaipenda na anaona aibu kuipenda. Nikamwambia ya kwangu naipenda pia, na kwamba nimechoka kuwa mzazi wa siku za kazi wakati yeye ni baba wa sikukuu. Aliniuliza ningekubali kuhamia? Nikamjibu sijui, na ilikuwa kweli. Kisha ghuba nyingine ikaja tukanyamaza, kwa sababu pale jua lilikuwa linashuka nyuma ya Idjwi na maji yamekuwa ya rangi ya chai ya rangi, na hata watu wenye matatizo wana macho.

Usiku ule Nyamasheke, kwa ndizi za kuchoma na mishikaki ya mbuzi, tulichukua karatasi ya bili tukaandika nyuma yake. Ada za shule Dar, ada Kigali, kodi, tiketi, mshahara wangu ukitoka. Hatukumaliza. Ila ilikuwa mara ya kwanza tunaandika na kalamu moja.

Kufika Rusizi

Siku ya mwisho ni laini kuliko zote. Mashamba ya chai yanarudi, barabara inafunguka, magari yanaongezeka mnapokaribia Kamembe. Ghafla Bukavu imetokeza ng'ambo ya maji, nyumba zimepandiana juu ya rasi zake, karibu sana. Mto Rusizi unaanzia hapo. Tulikaa juu tukaangalia watu wakivuka na mizigo, kila mtu na siku yake.

Kurudi Kigali mnachukua basi linalopita katikati ya msitu wa Nyungwe, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia 2023. Ni safari ya saa sita hivi, na mbega wanakaa kando ya barabara kama abiria waliokosa gari. Kata tiketi mapema na umwambie kondakta habari za baiskeli kabla hajapakia magunia, siyo baada. Na angalieni kalenda: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi asubuhi ni umuganda, kazi za jamii nchi nzima, na barabara hutulia hadi kama saa tano. Kumbukeni pia Rwanda iko nyuma ya saa zetu kwa saa moja. Mkisahau, mtafika stendi mkamkuta mlinzi amelala. Raia wa nchi za Afrika Mashariki halipii viza, pasipoti tu.

Mnauliza tuliamuaje. Mume wangu aliomba mwaka mmoja badala ya miwili, wakakubali kwa shingo upande. Mtoto akaanza darasa la kwanza Dar Januari 2025. Mimi nikakubaliana na bosi wangu niwe nafanya kazi kutoka Kigali wiki moja kila mwezi, na bibi akatuambia kwamba yeye hakuulizwa, lakini sawa.

Baiskeli yangu niliiacha kwake, imening'inizwa ukutani karibu na ya kwake, maana kuibeba kila mwezi kwenye ndege ni gharama. Kwa hiyo Jumamosi alfajiri nikawa naazima ya dada yangu. Haina gia hata moja, na kwenye daraja la Kigamboni wenzangu wote wakawa wananiacha.